Kambi ikifunga mkanda, duka la nje ya geti litakula nini?

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi juu ya jambo moja: habari, nyingine za ofisini na nyingine za vijiweni, kwamba matumizi ya kambi za jeshi yatabanwa. Nimechagua nne. Tatu zimetoka kwa watu ambao riziki yao inapitia getini kwa namna moja au nyingine, na moja imetoka kwa kijana anayeona tunalalamika bure. Wasomaji wapya wajue kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliandika vitabu vya hesabu vya chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku kule Urambo, kwa hiyo nitajibu kama mtu wa vitabu. Kwanza nauliza fedha inatoka wapi.

SWALI: Shikamoo Mama. Nina duka dogo hapa Tabora mjini. Kila mwaka vijana wa kidato cha sita wakiitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, naleta kutoka Kariakoo bukta za bluu, fulana za kijani, raba, soksi ndefu nyeusi na shuka za bluu bahari, nawauzia wazazi. Miezi mingine nauza unga, mchele na mafuta, na wateja wangu wengi ni familia za askari. Wanachukua kwa daftari, wanalipa mshahara ukitoka. Mdogo wangu wa kike anapeleka mboga na maharage kwenye kambi moja kwa mgongo wa mzabuni mkubwa. Sasa tunasikia matumizi yatapunguzwa, vijana watakaoitwa watakuwa wachache, na kambi zitalima chakula chake zenyewe. Nina mkopo wa kikundi, na kwa bahati mbaya nina mwingine wa kausha damu, ule wa riba kubwa. Mume wangu anasema tufunge duka tuhamie Nzega. Tufanyeje?
Mwenye duka, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto asubiri. Ukihama kwa maneno ya kijiweni unakuwa umeilipia hasara ambayo haijafika.

Barua yako inaizungumzia fedha ya kambi kama kitu kimoja, na hapo ndipo hofu yenu inapozaliwa. Getini inatoka fedha ya aina nyingi, kila aina na njia yake, na Serikali inapobana matumizi haizikati zote siku moja. Wewe umesimama kwenye mbili, mdogo wako kwenye ya tatu. Tuzitenganishe.

Unga na mchele wako vinalipwa na mshahara wa askari, na mshahara wa askari ndio wa mwisho kuguswa, hapa kwetu na kwingine. Mwaka 2013 Marekani ilibanwa na sheria ya kukata matumizi ya Serikali kwa lazima, iliyoanza kufanya kazi Machi 1. Utawala wa Rais Obama uliitoa mishahara ya wanajeshi kwenye makato yale. Walioumia ni raia wanaofanya kazi ndani ya Wizara ya Ulinzi: zaidi ya watumishi 600,000 walipelekwa likizo bila malipo. Zilitangazwa siku 11, mwishowe zikawa 6. Ukisoma gazetini siku sita ni chache. Kwa fundi au karani mwenye kodi ya nyumba na ada ya mtoto, malipo ya siku sita yakikosekana ni mwezi ulioharibika, na muuza duka wake anajua kabla ya mtu mwingine yeyote. Askari mwenyewe alipata mshahara wake kamili.

Kwetu kuna mfano mwingine ambao watu wameusahau. Katika mwaka wa fedha 2016/17 Serikali iliondoa msamaha wa kodi kwenye maduka ya majeshi, na badala yake askari wakapewa posho. Hazina iliona ni jambo la kodi. Sisi tunaoishi mtaani tuliona ni jambo la wateja, kwa sababu mke wa askari aliyekuwa akinunua ndani kwa bei nafuu hakuwa tena na sababu ya kutotoka nje. Inawezekana nusu ya majina yaliyo kwenye daftari lako yalikufikia kwa njia hiyo. Kwa hiyo si kila Serikali inapookoa shilingi kambini shilingi hiyo inapotea mtaani. Nyingine inabadilisha mlango tu.

Hatari ya daftari lako mimi naiona mahali pengine: uhamisho. Kambi ikipangwa upya, askari anapewa siku chache ahamie kikosi kingine, na deni lake linasafiri naye. Weka kiwango. Familia isiyolipa mwezi huu isichukue mwezi ujao mpaka imalize, hata kama ni rafiki yako wa kanisani au msikitini. Utaona aibu kusema hivyo mara ya kwanza. Sema hivyo hivyo.

Sasa bukta. Hapa nadhani unaogopa kitu ambacho si chako. Bukta zako hauiuzii kambi ya hapa. Unamuuzia mzazi wa Tabora, ambaye mwanawe anaweza kupangiwa Oljoro, Ruvu, Makutupora au Rwamkoma. Hata kambi yetu ya Msange ikipokea wachache, wewe unaangalia ni vijana wangapi wa Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Milambo na shule nyingine za hapa wameitwa, popote watakapopelekwa. JKT hutangaza majina pamoja na kambi ya kila kijana, na tangazo lenyewe linataja vifaa vya kwenda navyo. Basi acha kuagiza mzigo kwa kukisia miezi miwili kabla. Leta kidogo cha kuanzia, subiri majina, ndipo uongeze. Utalipa nauli ya mzigo mara mbili, ndiyo, lakini hutabaki na magunia ya fulana za kijani ambazo hakuna mtu mwingine anayezitaka.

Lakini siwezi kukudanganya kwamba fedha ya vijana ni salama. Ndiyo dhaifu kuliko zote, na Tabora inalijua hilo. Mwaka 1994 Serikali haikuwa na fedha, ikasitisha mafunzo ya JKT ya mujibu wa sheria, yaani yale ya lazima. Vijana wa kujitolea walianza tena kuchukuliwa mwaka 2001, na wale wa mujibu wa sheria wakarudi 2013. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka yaliposimama alikuwa na umri wa kumaliza kidato cha sita yaliporudi.

Mama yangu mzazi aliuza vitumbua na uji wa ulezi jirani na kambi moja mkoani kwetu. Wateja wake hawakuwa makuruta, maana makuruta hawatoki ovyo. Walikuwa wazazi waliokuja kuwatembelea watoto siku za Jumapili, madereva walioleta kuni na chakula, na mafundi waliokuwa hawakosekani pale kwa ajili ya kukarabati mabweni. Vijana walipoacha kuletwa hakuna aliyetangaza kwamba vitumbua vimekwisha. Jumapili zilipoa. Waliopakia abiria kwa baiskeli waliondoka mwanzo. Akafuata fundi cherehani aliyekuwa akipunguza suruali. Askari wa kudumu walibaki, mishahara yao ilibaki, na duka la unga lilibaki. Mama akahamia stesheni ya Tabora kuuza karanga na asali, kwa sababu treni za Mwanza na Kigoma zinagawana njia pale na abiria wanakaa muda mrefu. Sikumsikia akiilaumu Serikali. Alichokuwa akisema ni kwamba wangewaambia watu mapema, na mimi mpaka leo naona alikuwa na haki ya kudai hilo. Jeshi lina siri zake za ulinzi, nazo zilindwe. Lakini kwamba mwakani bwalo litanunua maharage nusu ya mwaka huu, hiyo si siri ya vita, na halmashauri ingeweza kuambiwa ili mkulima asipande bure.

Nije kwa mdogo wako, ambaye ndiye ananipa wasiwasi. Yeye yuko kwenye fedha ya manunuzi, na hiyo inakatwa kimyakimya. JKT limeagizwa lijitosheleze kwa chakula na linapanua mashamba yake. Ni sera nzuri, siipingi hata kidogo. Kijana anayekula mahindi aliyolima amejifunza kitu. Ila kila ekari ya maharage inayolimwa ndani ya uzio inapunguza gunia la mdogo wako, na hakuna barua itakayomfikia, kwa sababu kwenye karatasi yeye hayupo. Aliyepo ni mzabuni mkubwa. Siku mzigo ukipungua, mzabuni atabaki na mboga za shamba lake au za shemeji yake.

Namshauri atoke kwenye mgongo huo. Sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi za Serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Akusanye wenzake, wasajili kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kisha waingie kwenye mfumo wa NeST, ambako zabuni za umma zinatangazwa. Pale asitafute kambi peke yake. Shule za bweni zinakula maharage. Hospitali zinakula. Magereza yanakula. Akikosa mmoja, watabaki wengine. Na kama anaipenda kambi, aulize kambi inayolima inahitaji nini kutoka nje: mifuko, dawa za mimea, matengenezo ya mashine, usafiri wa mazao. Kambi iliyoacha kununua maharage inaweza kuanza kununua magunia ya kuyawekea.

Madeni yako sasa. Kausha damu limalize kwanza, hata kwa kuuza friji. Nasema hivyo nikijua friji lina maana gani dukani. Mkopo ule unakula faida ya unga kabla hujaufungua mfuko, na wewe unaogopa Serikali itapunguza matumizi wakati anayekupunguza yuko mlangoni kila wiki. Wa kikundi endelea nao kwa utaratibu wenu. Ukitaka mtaji mwingine, halmashauri zinatoa mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Foleni ni ndefu, fomu ni nyingi, nenda.

Nzega mnaijua? Mna ndugu pale, mna fremu? Kama jibu ni hapana, mume wako aende peke yake kwanza akaangalie soko, duka likiwa wazi.

SWALI: Mama, habari za kazi. Mimi ni fundi, nafyatua matofali hapa Kasulu. Mkandarasi mmoja alichukua matofali yangu ya lori kadhaa akasema anajenga kwenye kambi. Ujenzi umesimama. Kila nikimpigia anasema fedha kutoka juu imekatwa, nivumilie. Je, niende kambini nidai huko?
Mfyatua matofali, Kasulu

JIBU: Usiende kambini. Kambi haikujui wala haikukopa. Mdaiwa wako ni mkandarasi, na fedha iliyokatwa juu ni shida kati yake na aliyempa kazi. Alipochukua matofali hakukuambia kwamba utalipwa iwapo Hazina itatoa, alikuambia bei.

Ujenzi na ukarabati ndivyo vinavyosimamishwa mwanzo kabisa Serikali inapobana matumizi, kwa sababu ukuta usiojengwa mwaka huu haulii njaa. Ndiyo maana mtu wa matofali, mchanga na kokoto lazima awe mkali wa karatasi kuliko muuza nyanya. Una nini mkononi? Kama una daftari lenye saini ya dereva au msimamizi aliyepokea mzigo, hiyo ni mali. Kama huna, mwandikie leo ujumbe wa simu ukitaja idadi ya lori, tarehe na kiasi, umwombe athibitishe. Akijibu tu kwamba avumiliwe, amekiri deni. Usiufute.

Mpe tarehe kwa maandishi. Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa Juni 30, na wiki za kabla ya hapo ndipo malipo mengi yaliyokwama husukumwa, kwa hiyo ukiomba mwezi Mei unaweza kupata kitu ambacho Julai hakipo. Fedha ikichelewa kuvuka hapo, deni la mkandarasi litaingia kwenye madeni yanayosubiri kuhakikiwa, na uhakiki unachukua muda. Yeye atasubiri, wewe hulazimiki kumsubiri. Mahakama ya mwanzo inasikiliza madai ya deni la mkataba, huhitaji wakili, na mikataba ya mdomo nayo ni mikataba ikiwa una mashahidi.

Na lori linalofuata, la mtu yeyote, nusu ya fedha ilipwe kabla halijapakiwa.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nyumbani ni Uyui. Nasoma safu hii kila toleo na kwa heshima sikubaliani na huruma yenu kwa wanaouza karibu na kambi. Kijijini kwetu mama mjamzito anapelekwa zahanati kwa pikipiki. Kama fedha za jeshi zikipunguzwa zikajenga zahanati, mimi nafurahi. Jeshi halikuwekwa ili watu wauze vitumbua. Mbona hamsemi hivyo?
Mwanafunzi, Uyui

JIBU: Marahaba, na asante kwa kusema wazi. Umesema kweli mara mbili. Jeshi halikuwekwa ili mama yangu auze vitumbua, na yule mjamzito wa pikipiki ana haki ya kwanza kuliko mimi na kuliko mwenye duka. Kama ningeonyeshwa karatasi inayosema shilingi hii imetoka kambini imeingia zahanati ya kwenu, ningepiga makofi.

Lakini karatasi ya namna hiyo haiandikwi. Shilingi inayookolewa inarudi Mfuko Mkuu, na kutoka hapo inaweza kujenga zahanati ya mkoa mwingine, au kulipa riba ya deni la taifa. Anayeokoa ni nchi nzima kidogo kidogo. Anayepoteza ni kata moja, yote, kwa mkupuo. Kwa hiyo ukifurahia punguzo, furahi ukiwa na swali la pili mkononi: mahali pale palipopunguziwa pataachiwa nini?

Tazama waliokwisha kupita njia hiyo. Vita baridi vilipoisha Marekani ilifunga kambi nyingi. Kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, katika nchi ya wakulima wa viazi, kulikuwa na kambi ya ndege za kivita iitwayo Loring, kwenye mji mdogo wa Limestone. Ilifungwa 1994. Mwaka 1990 Limestone ilihesabiwa watu karibu 10,000. Mwaka 2000 walikuwa pungufu ya 2,500. Fikiria wilaya ya wakulima wa zao moja, mbali na miji mikubwa, inapoteza watu watatu kati ya wanne. Walimu, wauza magari, wakata nywele, wote walikuwa wameegemea kambi bila kuvaa sare. Serikali yao ilileta pale ofisi ya uhasibu ya wizara ya ulinzi na kituo cha kufundishia vijana kazi, ikaundwa mamlaka ya kuendeleza eneo. Ilisaidia. Watu hawakurudi wote.

Mwaka ule ule ilifungwa Fort Ord, pwani ya California, kambi kubwa zaidi. Mwaka uliofuata, 1995, chuo kikuu cha umma kilifungua milango ndani ya majengo yale ya askari, na wanafunzi wakapanga vyumba mitaani. Si kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Ardhi ya mazoezi ilikuwa na mabomu ambayo hayakulipuka na kuisafisha kumechukua miaka mingi. Lakini tazama tofauti. Pale kulikuwa na jibu la nani anachukua majengo, na jibu lilikuja mapema.

Huhitaji kwenda mbali hivyo. Urambo, nilikofanyia kazi, ilijengwa na fedha ya Serikali iliyokuja kwa kishindo ikaondoka kwa kishindo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walianzisha mradi wao wa karanga katika sehemu tatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Uliendeshwa kijeshi hasa. Meneja wake alikuwa meja jenerali, matrekta mengi yalinunuliwa kutoka kwenye mabaki ya vita, na vifaru viligeuzwa kung'oa visiki. Mwaka 1947 ulianza, 1951 ukafutwa, na Uingereza ikafuta hasara ya pauni milioni 36. Fedha iliondoka. Ardhi iliyokwisha kufyekwa, visima na barabara vikabaki, na juu ya hivyo wakapanda tumbaku. Sina mapenzi na tumbaku, imekula miombo yetu na vifua vya watu wetu. Lakini chama nilichokiandikia vitabu kilisimama juu ya ardhi ile, na watoto wengi wa Urambo walisomeshwa nayo.

Kigoma wana mfano wa upande wa pili. Mtabila, wilayani Kasulu, ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2012. Siku moja ina maelfu ya watu na magari ya mashirika, siku nyingine nyasi. Leo pale pana kikosi cha JKT, 825 KJ. Mahali pale pamepokea fedha ya wahisani na kisha fedha ya jeshi, na wauza sokoni wa vijiji vya jirani wamelazimika kujifunza wateja wapya kila mara.

Ndiyo maana sitakuambia unyamaze, na sitamwambia mwenye duka alie peke yake. Wewe unasoma chuo. Bajeti ya wizara ya ulinzi husomwa bungeni hadharani kila mwaka kabla ya Julai, na mbunge wako anakuwepo. Mwandikie umuulize mambo mawili kwa pamoja: zahanati ya kijiji chetu iko ukurasa gani, na kama kambi ya mkoa wetu itapunguziwa, maji yake, umeme wake, barabara yake na majengo yake vitakuwa vya nani. Swali la kwanza bila la pili ndilo lililoiacha Limestone ilivyokuwa.

SWALI: Dada, salaam kutoka Ujiji. Kijana wangu alijitolea JKT miaka miwili, amerudi nyumbani. Kila akisikia nafasi za jeshi au polisi anakimbilia simu. Sasa tunasikia hata hizo nafasi zitakuwa chache. Ameacha kabisa kufikiria kazi nyingine. Nimwambie nini?
Mzazi, Ujiji

JIBU: Salama kaka yangu. Mwambie kwa upole, maana miaka miwili ya kuamka alfajiri si kitu kidogo, na ameirudishia nchi yake zaidi ya vijana wengi wa umri wake. Lakini matangazo ya JKT yenyewe husema wazi kwamba halitoi ajira, na Serikali ikibana matumizi nafasi mpya ndizo zinazozuiwa mapema kuliko mshahara wa aliye ndani. Aendelee kuomba kila zinapotangazwa. Asikae akizingoja.

Muulize alifundishwa nini huko. Kama ni ulinzi, kampuni ya ulinzi ya SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali la JKT, huchukua vijana waliopita JKT, na cheti chake kina uzito pale kuliko mahali pengine. Kama alikuwa Bulombora, amefanya kazi kwenye michikichi, na hapo mimi ningemshika mkono nimpeleke Kihinga, kwenye kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wanakozalisha mbegu ya tenera, inayotoa mafuta mengi kuliko chikichi letu la zamani. Anajua kuandaa kitalu, anajua nafasi kati ya mche na mche, anajua kupokea amri na kuitimiza kwa wakati. Wazee wengi wa Kigoma wana mashamba yaliyochoka na hawana mtu wa kuyapanda upya. Aanze na shamba la baba mdogo au la jirani kwa makubaliano ya kuandikiana, walau ekari mbili. Mchikichi unachukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa, kwa hiyo katikati ya mistari apande maharage au karanga ale na auze.

Cheti chake akitolee nakala na kukihifadhi mahali pasipo na mchwa. Na wewe, kaka, mpe hilo shamba kwa maandishi.